Staringi hafi? Wanawake, kisasi na miisho ya filamu inayogombana na watazamaji wake

Mwalimu wa Kondele:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Yeyote aliyewahi kukalia benchi la kibanda cha video, awe Kondele au Nyalenda hapa Kisumu, au Kaptembwa kule Nakuru, anaijua kanuni ambayo haikubandikwa ukutani lakini kila mtu aliishika: staringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atasukumwa mtoni, atafungwa kamba ndani ya ghala linalowaka moto, lakini aliyetoa shilingi zake kumi mlangoni anajua kwamba kabla televisheni haijazimwa staringi atakuwa amesimama na adui amelala. Nimeuleta uzi huu kwa sababu Jumamosi mbili zilizopita kanuni hiyo ilivunjwa mbele ya macho yetu, katika chumba chenye wanawake tisa na vyerehani vinne, na mabishano yaliyozuka hapo hayajazimika hadi leo.

Dada yangu ana karakana ya ushonaji hapa Kondele. Jumamosi jioni, vyerehani vikishafunikwa na vipande vya vitambaa kufagiliwa pembeni, tunatundika shuka jeupe kwenye waya wa kuning'inizia nguo za wateja, ninaleta projekta ya kuazima, na tunatazama filamu huku nikifasiri mazungumzo kwa sauti. Zamu hiyo nilichagua Promising Young Woman ya mwaka 2020, iliyoandikwa na kuelekezwa na Emerald Fennell wa Uingereza, ambayo mwaka uliofuata ilimpa tuzo ya Oscar ya mswada bora asilia. Nitausimulia mwisho wake wote, kwa hiyo ambaye hajaitazama na hataki kuharibiwa uhondo na aruke aya mbili zinazofuata.

Cassie, anayeigizwa na Carey Mulligan, aliacha masomo ya udaktari baada ya Nina, rafiki yake tangu utotoni, kubakwa na mwanafunzi mwenzao na chuo kufumba macho. Nina amekwisha kufa. Kwa miaka Cassie amekuwa akienda kwenye vilabu, akijifanya amelewa chakari, akingoja mwanamume mwungwana ajitolee kumsindikiza. Na mwungwana huyo akishaanza kumvua nguo, Cassie huketi wima na kumwuliza kwa sauti kavu anafanya nini. Karakana nzima ilikuwa inashangilia. Kisha akafika kwa Al Monroe mwenyewe, aliyembaka Nina, kwenye sherehe ya kuuaga ukapera wake. Cassie amevaa sare ya muuguzi, amemfunga pingu kitandani, na amejiandaa kulichora jina la Nina mwilini mwake. Mkono mmoja wa Al ukachomoka. Alimfunika Cassie uso kwa mto na kumkandamiza kwa goti, na kamera haikwenda popote. Haikukimbilia dirishani, haikuruka hadi asubuhi. Ilikaa pale kwa zaidi ya dakika mbili, ikitazama miguu iliyopiga mateke, kisha iliyotikisika kidogo, kisha iliyotulia. Mimi nilikuwa sina la kufasiri. Mama anayetia vifungo alikuwa ameshika njugu kiganjani tangu mwanzo wa tukio hilo, na taa ilipowashwa baadaye zilikuwa bado kiganjani, zimelowa jasho.

Filamu haikomi hapo. Al na rafiki yake wanauchoma mwili, harusi inafungwa, na katikati ya sherehe polisi wanaingia, kwa kuwa Cassie alikwisha kutuma ushahidi kabla ya kuondoka na kuziwekea muda jumbe za simu, zifike akiwa hayupo. Ujumbe wa mwisho umetiwa sahihi ya majina mawili, lake na la Nina. Nusu ya chumba walipiga makofi Al alipotiwa pingu. Nusu nyingine walinyamaza, na dada yangu, ambaye kwa kawaida hulala kabla ya filamu kufika kati, akauliza swali ambalo ndilo lililonileta kwenu: "Kwa hiyo polisi ndio staringi?"

Nimelitafakari swali hilo wiki mbili. Filamu za kisasi cha mwanamke huanza karibu zote mahali pamoja, yaani pale ambapo mlango ulifungwa: kituo kilimfukuza, mkuu wa chuo alimshauri asiharibu maisha ya kijana wa watu, familia ilimwambia anyamaze. Kama mlango haukufungwa hakuna kisasi, kuna kesi. Sasa filamu iliyotumia saa nzima na nusu kutuonyesha kwamba milango yote imefungwa, kisha ikamalizia kwa kuufungua mmoja na kutoa askari waaminifu ndani yake, inatwambia nini? Sisi wa huku magharibi mwa Kenya hatuna haja ya kuliwaza swali hili kwa nadharia. Mwaka 2013 huko Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa ndani ya shimo la choo, na watuhumiwa waliofikishwa kituoni waliadhibiwa kwa kufyeka nyasi, kisha wakaachiliwa waende zao. Ilibidi watu waandamane Nairobi na saini zaidi ya milioni moja zikusanywe kutoka pembe zote za dunia ndipo kesi ikasogea, na mwaka 2015 washtakiwa watatu wakahukumiwa miaka 15 kila mmoja. Nyasi za kituo zilikuwa zimefyekwa na kumea tena mara nyingi kabla ya hukumu hiyo. Ndiyo maana pingu za harusini hazikunifariji. Cassie alilazimika kufa ili ushahidi utoshe.

Hata hivyo siuiti mwisho huo kosa. Rai yangu, ambayo naomba muipige mawe, ni kwamba filamu ya kisasi haiwi ya kifeministi kwa idadi ya wanaume inaowaua. Kupiga risasi ni kazi ambayo staringi wa kiume ameifanya tangu enzi za video za kukodi. Uzito wake nauona kwenye dakika kumi za mwisho, mwongozaji anapolazimika kuamua ni nani atakayeubeba mzigo baada ya maiti ya mwisho, na kama mtazamaji ataachwa aende nyumbani akiwa ameshiba.

Chukueni Ms. 45 ya Abel Ferrara, ya mwaka 1981, ambayo karakana yetu iliipenda kwa sababu ya kazi. Thana, anayeigizwa na Zoë Lund, ni bubu anayefanya kazi katika karakana ya mavazi jijini New York. Anabakwa mara mbili kwa siku moja, mara ya pili ndani ya nyumba yake, na huyo wa pili anamwua kwa pasi. Pasi! Mafundi wetu walipiga vigelegele, wakaitazama pasi ya makaa iliyokuwa mlangoni. Anaanza kwa kuwaua wabaya, kisha anaendelea na yeyote aliyevaa suruali, hadi usiku wa sherehe ya mavazi ya bandia anapowamiminia risasi wanaume wote ukumbini akiwa amevaa kama mtawa. Anayemkomesha ni mfanyakazi mwenzake, mwanamke, anayemchoma kisu mgongoni. Thana anageuka na bastola, anamwona ni nani, na hafyatui. Analitamka neno moja, ambalo ndilo neno lake pekee katika filamu nzima, "dada," kisha anaanguka. Mwandishi wa mswada ule alikuwa mwanamume, mwelekezi mwanamume, na filamu yenyewe iliuzwa kama burudani ya mitaani. Lakini hilo neno moja limenikaa kooni kuliko hotuba nyingi nilizozisikia kila Machi 8.

Naomba maoni yenu. Je, staringi wa kike akifa, amesalitiwa na mwandishi, au mwandishi amekataa kutudanganya?

---

Mzee wa Kibanda, Nakuru:

Mwalimu, shikamoo ya mbali. Ni mimi ninayepaswa kuamkiwa kwa umri, lakini kwa uzi huu nimekuamkia wewe.

Niliendesha kibanda cha video hapa Nakuru miaka ya tisini, enzi za kanda kubwa nyeusi, nikiwa na kipaza sauti cha kuwafasiria vijana kilichokuwa kikiendelea. Nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Ilikuwako filamu ya Meir Zarchi ya mwaka 1978, I Spit on Your Grave, ambayo mwandishi anayekwenda mashambani kuandika riwaya anavamiwa na wanaume wanne, kisha anawatafuta mmoja mmoja na kuwamaliza, na mwisho anaondoka kwa mashua akiwa peke yake. Jina lake la awali lilikuwa Day of the Woman, yaani siku ya mwanamke, na mwenye filamu alishikilia kwamba aliitengeneza kwa ajili ya kumtetea mwanamke. Kwa karatasi, kanuni yako imetimia: staringi hakufa, maadui wote wamelala. Lakini mimi nilikuwa mlangoni, na najua wateja wangu waliniomba nirudishe mkanda sehemu ipi. Hawakuomba ile ya mashua.

Nilirudisha. Nilikuwa na kodi ya kulipa, na leo nina wajukuu wa kike watatu.

Kwa hiyo ukiuliza kuhusu mwisho, nakuomba urudi nyuma uutazame mwanzo, kwa sababu kamera iliyomtazama mwanamke kwa jicho la mvamizi katika nusu ya kwanza haiwezi kutubu katika nusu ya pili kwa kumpa shoka. Msomi mmoja Mwingereza, Laura Mulvey, aliliandika hilo mwaka 1975, kwamba sinema imezoea kumweka mwanamume kwenye kiti cha kutazama na mwanamke kwenye kiti cha kutazamwa. Binti yangu ndiye aliyenisomea makala hiyo alipokuwa chuoni, nami nikajifanya sielewi. Hiyo filamu yako ya Cassie, kama nilivyoitazama juzi kwa sababu ya uzi huu, haionyeshi hata kidogo alivyofanyiwa Nina. Video inachezwa kwenye simu, sisi tunaona uso wa Cassie na kusikia sauti tu. Ningekuwa na kibanda changu bado, hapo hapangekuwa na cha kurudisha.

---

Mtazamaji wa Bungoma:

Dada Mwalimu, napinga, na nitapinga kwa heshima.

Wanawake wamekufa katika hadithi zetu tangu hadithi zianze kusimuliwa. Msichana mkaidi alikataa wachumba akaolewa na zimwi, akaliwa. Mke mdadisi alifungua chungu alichokatazwa, akafa. Katika riwaya tulizosomeshwa shuleni, aliyepotoka alikunywa sumu kabla ya ukurasa wa mwisho. Sasa anatokea mwelekezi wa kisasa, anamkandamizia staringi mto usoni, nasi tunaambiwa huo ndio ujasiri? Huo ni ule mwisho wa hadithi za bibi, umevalishwa sare ya muuguzi.

Mimi nawaleteeni Revenge ya Coralie Fargeat, Mfaransa, ya mwaka 2017. Jen ni kimada wa tajiri aliyeoa, anapelekwa kwenye jumba la jangwani, anabakwa na rafiki wa huyo tajiri, na anapotishia kusema anasukumwa kutoka juu ya jabali na kuchomwa na gogo tumboni. Mtu wa kawaida angekufa hapo. Jen hafi, na filamu haijishughulishi sana kutueleza kwa nini hafi, jambo ambalo limewaudhi wahakiki wapenda sayansi lakini halikuniudhi mimi hata chembe, kwa kuwa sijawahi kusikia mtu akiuliza jinsi Rambo anavyopona. Mzee wa Kibanda, wewe uliyetaja jicho la kamera, itazame sehemu ya mwisho. Katika mwanzo wa filamu kamera imemlamba Jen mwili mzima kama peremende; katika mwisho, anayekimbia uchi ndani ya jumba lile, akiteleza kwenye damu yake mwenyewe kuzunguka kuta zilezile, ni yule tajiri. Kamera imegeuzwa kama shati. Kisha Jen anasimama nje, anasikia helikopta inakuja, anageuza uso na kutukodolea macho sisi. Ikaishia hapo. Hatuambiwi kama helikopta imeleta msaada au imeleta wengine wa aina ileile.

Nawaongezea jambo la nyumbani. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku hapa Kenya, na mwelekezi alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini. Mahakama iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu mwezi Septemba mwaka huo, na watu wakapanga foleni. Si filamu ya kisasi, najua, ni ya mapenzi ya wasichana wawili, na najua humu mna wenye misimamo yao. Nimeitaja kwa sababu inathibitisha kwamba wenye mamlaka wanajua kusoma miisho kuliko sisi. Hawakusumbuliwa sana na mateso ya wasichana wale. Walisumbuliwa na kwamba wasichana hawakuishia kujuta. Ndiyo maana nashikilia kuwa mwanamke kubaki hai mwishoni, bila kuomba radhi, bado ni jambo geni na la hatari kuliko kufa kwake.

---

Msaidizi wa Sheria, Kakamega:

Nimesoma hoja za Mwalimu na za ndugu wa Bungoma, nami nitapita katikati kwa sababu kazi yangu ni ya kuandamana na walalamikaji kutoka hospitali hadi kituoni na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuthibitisha majeraha, mkononi.

Kwanza tusahihishane kidogo: si kweli kwamba mlango umefungwa kabisa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyosukumwa bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge mteule, iliweka vifungo vya chini ambavyo hakimu hawezi kushuka chini yake, na ile miaka 15 ya Busia ndiyo kiwango hicho cha chini kwa ubakaji wa genge. Lakini tazameni kilichopenyezwa humo wakati wa kupitishwa: kifungu cha 38 kilisema kwamba anayetoa madai ya uongo atapata adhabu ileile ambayo mshtakiwa angeipata. Yaani mwanamke aliingia mahakamani akiwa tayari ana mguu mmoja kizimbani. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Kwa miaka sita sheria yetu ilikuwa na mwisho wa filamu ya kutisha ndani yake.

Pili, kinachoua kesi nyingi ninazozijua hakiko kituoni, kiko nyumbani. Wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, inatajwa ng'ombe, inatajwa pesa ya hospitali, mama wa mtoto anaambiwa asiivunje amani ya ukoo, na siku ya kesi shahidi haonekani. Kwa hiyo mlipotaja miisho isiyo ya kawaida nilidhani mngeitaja Lady Vengeance ya Park Chan-wook, ya mwaka 2005. Geum-ja amekaa gerezani miaka 13 kwa mauaji ya mtoto ambayo hakuyafanya. Anapotoka anamnasa muuaji halisi, mwalimu wa watoto, na sisi tunangoja amwue. Hamwui. Anagundua kwamba watoto waliouawa ni wengi, anawaita wazazi wao kwenye shule iliyoachwa mahame, anawaketisha kwenye madawati madogo ya watoto, anawaonyesha kanda, na kuwauliza: tumpeleke polisi, au tummalize wenyewe?

Ni baraza ile, jamani. Ni baraza kabisa. Kuna anayesema sheria ifuate mkondo, kuna anayelia, kuna anayeuliza kama itamrudisha mtoto. Wanakubaliana, wanavaa makoti ya mvua ya plastiki, wanapanga foleni kwenye viti vya ukumbini kama wagonjwa wanaongoja daktari, na wanaingia kwa zamu. Baadaye wanakula keki pamoja, na hapo ndipo mwelekezi alipoupinda mwisho hadi nikashindwa kupumua: fedha za fidia zilizolipwa kwa mtekaji zimepatikana, na wazazi wale, kucha bado zina damu, wanaandika namba za akaunti zao za benki ili zirudishwe. Hakuna kilio wala muziki mkubwa, ni namba za akaunti tu. Niliiona ng'ombe yetu pale mezani.

Geum-ja mwenyewe hapati amani. Wakorea humpa anayetoka gerezani tofu, ile jibini nyeupe ya soya, ili aishi maisha meupe. Mwanzoni alipopewa aliipindua sahani chini. Mwishoni anaoka keki nyeupe, anamwambia binti yake aishi akiwa mweupe, kisha anautumbukiza uso wake mzima ndani ya keki ile, theluji ikimwangukia. Ndugu wa Bungoma, huyu hakufa. Lakini sioni kama ameshinda.

---

Nyar Kano:

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, lakini mmenigusa.

Sisi wa Kano tulisimuliwa Lwanda Magere kabla hatujajua kusoma. Shujaa wa mwili wa jiwe ambao mkuki hauupenyi, aliyewaangamiza Lang'o, maadui wa Waluo, hadi wakaamua kumpa msichana wao mrembo awe mke. Msichana yule aliishi naye, na siku mume alipougua akamwambia achanje chale kwenye kivuli chake, si mwilini. Akachanja, damu ikatoka kivulini, akaijua siri. Usiku akatoroka kwenda kwao. Vita vilivyofuata, mkuki ukapigwa kivulini, na Lwanda Magere akageuka jiwe ambalo wawindaji walinolea mikuki yao.

Nimesimuliwa kisa hicho na bibi, na mjomba, na mwalimu wa darasa la nne, na kila mara yule mwanamke alikuwa msaliti na fundisho la kutowaamini wanawake. Baada ya kuusoma uzi huu nilikaa nikajiuliza: kama angekuwa binti wa Kano aliyepelekwa kwa adui aliyewaua kaka zake, akalala kitanda kimoja naye, akavumilia hadi akaipata siri, tungemwitaje? Tungempigia nyatiti, zeze la kuwasifia mashujaa. Kisa kizima ni filamu ya kisasi ambayo kamera imewekwa kwenye bega la adui.

Na hana jina, si katika simulizi lolote nililolisikia mimi. Wala hakuna aliyewahi kuniambia kwao alipokewaje alipofika alfajiri ile, peke yake, ametoka kwenye nyumba ya mume. Walimwoza tena? Walimwogopa? Shujaa alipewa jiwe lake. Yeye simulizi lilimwacha njiani.

Kaka wa Bungoma, ninakubaliana nawe kwamba kufa si ushujaa. Ila mimi nadhani kuna mwisho ulio mbaya kuliko kufa, nao ni kutumiwa kuufikisha mkuki kisha usiulizwe ulilala wapi.

---

Mwalimu wa Kondele:

Asanteni. Nimewasomea wenzangu karakanani michango yote, na ule wa Mzee wa Kibanda nilisoma mara mbili kwa kuombwa.

Ndugu wa Bungoma, nimekubali nusu. Nimekubali kwamba nilikuwa nimeanza kuabudu kifo, kosa ambalo walimu wa fasihi tunalirithi kwenye tamthilia. Ile nusu nyingine nakuletea The Nightingale ya Jennifer Kent wa Australia, ya mwaka 2018, hadithi ya mwaka 1825 katika kisiwa ambacho leo kinaitwa Tasmania. Clare, mfungwa Mwairishi, anabakwa na afisa wa jeshi, na mumewe na mtoto wake mchanga wanauawa mbele yake. Anamfuata afisa yule msituni akiongozwa na Billy, mwenyeji wa ardhi ile ambaye watu wake wameangamizwa na jeshi hilohilo. Wa kwanza kumpata ni kijana aliyemwua mtoto, na Clare anamwua kwa namna chafu, ya karibu, inayochukua muda. Hatukushangilia. Kuanzia hapo bunduki inamshinda. Anapokuja kusimama mbele ya afisa mwenyewe, kwenye chumba kilichojaa wakubwa wake, anachofanya ni kumtaja matendo yake kwa sauti na kuimba. Anayemwua afisa usiku ule ni Billy, kwa mkuki, kwa ajili ya watu wake, na kwa hilo anapigwa risasi. Filamu inakwisha alfajiri ufuoni, Clare anaimba kwa lugha ya kwao, na Billy aliyejeruhiwa anacheza na kuimba kwa lugha ya kwao. Hatujui kama ataiona jioni.

Nyar Kano, hapo ndipo ulipogonga. Kisasi kile kilikuwa cha nani? Clare amebaki hai, mikono yake haikumgusa aliyemkosea zaidi, na bei imelipwa na mwili wa mtu mweusi. Nimewasikia wanaosema mwisho huo ni wa upatanisho. Mimi nilipoutazama mara ya pili nilimtazama Billy tu, na sikuuona upatanisho.

Lipo pia suala la mwenye kisa kuporwa mwisho akiwa hai. Phoolan Devi wa Uhindi, aliyekuwa kiongozi wa genge la majambazi, alikwenda mahakamani kuipinga Bandit Queen ya Shekhar Kapur, ya mwaka 1994, iliyoonyesha kubakwa kwake bila ridhaa yake. Filamu inakoma aliposalimisha silaha mwaka 1983. Yeye aliendelea kuishi baada ya hapo: alifungwa miaka 11, akachaguliwa mbunge mwaka 1996, na akapigwa risasi nje ya nyumba yake Delhi mwaka 2001. Mwelekezi aliuchagua mwisho uliomfaa, na mwenye maisha akawa bado anayo mengi.

Sasa niwape habari za Jumamosi iliyopita, kisha niwaachie uzi. Niliamua kuleta filamu ambayo sikuwa na uhakika kama itaeleweka, A Question of Silence ya Marleen Gorris wa Uholanzi, ya mwaka 1982. Wanawake watatu wasiojuana, mama wa nyumbani, mhudumu wa mkahawa na katibu wa ofisi, wamo dukani. Mwenye duka, mwanamume, anamkamata mmoja akiiba nguo, kwa dharau ya kawaida tu, ile tunayoijua. Wale wengine wawili wanasogea. Bila kusemezana wanamwua, kisha kila mmoja anakwenda zake, mmoja akila aiskrimu. Kuna wanawake wengine dukani walioona yote, nao wananyamaza. Daktari wa akili, mwanamke pia, anatakiwa aithibitishie mahakama kwamba washtakiwa ni wendawazimu, na kadiri anavyowasikiliza ndivyo anavyoshindwa kulisema hilo. Hakuna ubakaji humo, wala bastola. Mama wa vifungo aliniuliza katikati kama nimekosea faili.

Tukafika mahakamani. Daktari amesema washtakiwa wana akili timamu. Mwendesha mashtaka amekasirika, anasimama na kueleza kwamba haoni tofauti yoyote kati ya kesi hii na kesi ambayo wanaume watatu wangemwua mwanamke mwenye duka. Nilifasiri maneno hayo kama yalivyo. Kwenye shuka, mshtakiwa mmoja akaanza kucheka. Wa pili akacheka, na yule ambaye hakuwa amesema neno tangu akamatwe akacheka. Wale mashahidi walionyamaza wakacheka kutoka kwenye viti vya nyuma, na daktari naye akashindwa kujizuia. Hakimu anagonga meza, wanaume wote ukumbini wanatazamana.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Sikupata nafasi, kwa sababu mama wa vifungo alikuwa ameanza kucheka kabla ya daktari, akafuatwa na dada yangu, kisha karakana nzima ikawa inacheka hadi shuka likatikisika na nyuso za Waholanzi zikapinda. Mlangoni alikuwa amesimama kijana aliyekuja kuchukua suruali yake iliyopunguzwa kiuno, na tiketi ya fundi mkononi. Aliwatazama, akalitazama shuka, akaniuliza mimi niliyekuwa karibu naye kuna nini cha kuchekesha. Nilimpa suruali yake.